Aliyekufa Miguu Kwanza

Bwana Amjad Mohdhar alikuja kudai haki kabla ua wa kituo cha polisi haujafagiliwa. Ilikuwa Jumapili, siku ya tatu tangu azikwe baba yake, na hitima ilikuwa inamngoja nyumbani alasiri. Hata hivyo alijikalia mbele ya meza ya Inspekta Rumaisa Obeid kama mtu aliyehamia. Kanzu yake ilikuwa safi na macho yake mekundu. Alikuwa amelia kweli, na hilo Rumaisa aliliweka akilini, maana miaka kumi na minne ya kazi ilikuwa imemfundisha kwamba wapo wanaolia na wapo wanaofuta macho tu.

"Kesho asubuhi ni mahakamani," Amjad akasema. "Nataka kuyua kama mashtaka yashaandikwa."

"Yataandikwa nikishajua kilichomwua baba yako, Bwana Mohdhar."

"Kwani hamuyui? Daktari wa Mombasa alituketisha, mimi na baba. Akatwambia mshipa mkuu wa tumboni umevimba, na siku ukipasuka hana saa. Huyu mwanamke wa Chundwa kamnywesha dawa ya kulainisha damu hata ukapasuka. Na zidonge mumezipata mkobani mwake."

Ni kweli zilipatikana. Ilikuwa karatasi ya aspirini zile kubwa za maumivu, nne zikiwa zimekwisha kutolewa. Pamoja nayo palikuwa na kichupa cha plastiki cha aspirini ndogo, ile aliyoandikiwa marehemu, kidonge kimoja kila asubuhi. Vyote viwili vilikuwa mezani ndani ya mifuko ya ushahidi, na kwa vitu hivyo viwili Ummu, mke wa marehemu na mama wa kambo wa Amjad, alikuwa amelala ndani tangu jana.

"Ipo njia ya kupata hakika," Rumaisa akasema. "Mahakama ikitoa amri, kaburi litafukuliwa."

"Baba hafukuliwi. Mutanifukia mimi kwanza."

Chai ikaletwa. Amjad hakuigusa sukari. Alitoa kibweta kidogo mfukoni, akakibonyeza mara mbili juu ya kikombe, tiki, tiki, akakoroga.

"Kisukari," akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Alipoondoka, Rumaisa aliifungua tena taarifa ya mshukiwa. Koplo Uthman alikuwa ameiandika kwa mwandiko wa kupendeza, na usiku mzima wa mtu kufa ulikuwa umeenea katika mstari mmoja: *Marehemu alilalamika maumivu hadi mauti yalipomfika.* Rumaisa aliisoma mara mbili, akaghadhibika, akachukua kalamu na funguo za mahabusu.

Mwanamke aliyefiwa anatakiwa akae eda nyumbani kwa mumewe miezi minne na siku kumi. Ummu alikuwa ameianza eda yake juu ya mkeka wa polisi, uso kauelekeza ukutani. Alipogeuka, shavu lake la kushoto lilikuwa limefura.

"Fungua mdomo," Rumaisa akasema.

Akafungua. Gego la chini lilikuwa limetoboka hadi kwenye ufizi.

"Zile aspirini kubwa?"

"Zangu. Nilimeza mbili Jumanne, mbili Jumatano. Nilimwambia yule koplo. Akaniuliza nilimpa mume wangu ngapi."

"Jumatano Bwana Mohdhar alikuwa wapi?"

"Kipungani, na mwanawe. Walisema wanakwenda kuzuru jamaa. Wakarudi Alhamisi alasiri."

"Sasa niambie usiku wa Alhamisi. Usifupishe."

Ummu akavuta buibui hadi kidevuni. "Baada ya magharibi alishika kiuno. Hakutaka kuvua kanzu, akalala nayo. Mara akaniuliza, 'Ummu, miguu yangu mumeipeka wapi?' Nikadhani anafanya mzaha. Nikaishika. Baridi, Bi Inspekta, baridi ya mtungi. Nikaisugua kwa mafuta ya simsim, nikaikanda kwa nguo ya moto, haikuingia joto. Ilikuwa myeupe, kisha ikapiga madoa ya zambarau. Hakuweza kuinua hata kidole. Nikamwita Amjad tumpeleke hospitali. Akasema ni uchovu wa safari, apumzike hata asubuhi. Akafa wakati wa adhana ya alfajiri."

"Tumbo lilivimba?"

"Tumbo lilikuwa vile vile. Ni miguu."

"Na dawa yake ya kila siku?"

"Baada ya uji, kila asubuhi, kidonge kimoya, kwa mkono wangu. Alikuwa na mtoto wa jicho, haoni sawasawa. Kumeza hawezi, hukiyeyusha ulimini huku kakunja uso, maana ni kikali. Lakini siku hizi za mwisho..." Machozi yakamtoka pasi na sauti. "Siku hizi za mwisho alikuwa akicheka. Akinambia, 'Ummu, mkono wako umetia asali.' Mimi nikaona ni mapenzi tu."

Rumaisa aliandika kurasa tatu, akamsomea, akamtaka atie sahihi. Kisha akachukua kichupa kile na kwenda nacho kwenye zahanati.

Tevin, mganga kijana aliyeletwa kutoka bara mwaka uliopita, alikuwa peke yake zamu ya Jumapili. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na mara hii maneno mengi ndiyo yaliyotakiwa.

"Madam, ushaona mpira wa baiskeli umechoka mahali pamoja, ukafura kama yai? Ndio huo mshipa. Sasa damu ikifika kwa hilo yai inapunguza mwendo. Ikipunguza, inashika ukutani, safu juu ya safu, kama ukoko wa wali kwa sufuria. Mgonjwa anatembea na bonge la damu tumboni miaka na miaka bila kujua."

"Aspirini inaupasua huo mshipa?"

"Hapana. Ukipasuka wenyewe, damu itasumbua kusimama, hiyo ni kweli. Lakini kupasua, hapana. Kazi yake ni kwa zile chembe za kugandisha. Chembe ikiguswa na aspirini haishikani na mwenzake tena mpaka ife. Na hawa watu wenye mshipa wa hivi, damu yao inaganda ngumu kuliko yako na yangu, na bonge lao halivunjiki rahisi. Bonge la zamani aspirini hailiondoi. Inasaidia lisiongezeke mbio."

"Akiacha kuinywa?"

"Mwili unatengeneza chembe mpya kila siku. Baada ya siku saba, kumi hivi, zote ni mpya. Zote zina nguvu ya kushika."

"Na bonge likiziba pale pale kwenye uvimbe?"

Tevin akakuna kichwa. "Chini ya kitovu mshipa unagawanyika, mmoja kila mguu. Hapo pakizibwa miguu yote miwili inakufa kwanza. Inakuwa baridi, nyeupe, halafu madoa. Mwenyewe anafuata baada ya masaa. Lakini hiyo ni nadra, Madam. Mimi nimeisoma tu. Kuna watu wanaacha dawa na wako sawa. Bila kuona maiti siwezi kuapa."

"Aliyepasukwa na mshipa maiti yake inakuwaje?"

"Mara nyingi tumbo linajaa, linakuwa gumu. Ubavu unabadilika rangi."

Rumaisa akaweka kichupa mezani. Tevin akamimina vidonge kwenye karatasi, akavigeuzageuza kwa ncha ya kalamu, akavinusa. "Hii si poa. Aspirini ikikaa kwa joto la hapa inaanza kunuka siki. Hizi hazinuki." Akaramba kimoja, nyusi zikapanda. "Tamu. Manze, hii ni ile ya kutia kwa chai. Ya watu wa kisukari."

Rumaisa akakikumbuka kibweta alichokibonyeza Amjad mara mbili juu ya chai asubuhi ile. Akarudisha vidonge kichupani, akafunga mfuko, akaandika saa. Hakufurahi bado. Kichupa hakikusema nani aliyekitia utamu, wala hakikusema mtu alikufa kwa nini. Kama Bwana Mohdhar alikufa tumbo limejaa damu, basi zile aspirini kubwa zingemfunga Ummu, jino livimbe lisivimbe. Mtu wa kuapa juu ya maiti ile alikuwa mmoja, naye hakuwa daktari.

Siku sita za juma Bwana Hamdu alikuwa fundi wa chokaa. Mauti yakiingia mtaani alikuwa mwosha wa wanaume, kazi aliyoirithi kwa babake. Rumaisa alimkuta nyuma ya msikiti akikoroga chokaa kwenye shimo.

"Bi Rumaisa, niulize chokaa."

"Nakuuliza Bwana Mohdhar."

"Maiti ni sitara. Nilichokiona nimekizika pamoja naye."

Wala hakuwa akijishaua. Mwosha akianza kusimulia alichokiona chini ya shuka, mtaa mzima utaogopa kufa. Rumaisa, aliyekulia Pate, alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo hakumtishia na sheria.

"Kinachositiriwa ni aibu," akasema. "Baridi ya mguu ni aibu?"

"Leo ni mguu, kesho utataka mgongo."

"Ummu amelala kituoni. Kesho atashtakiwa kwamba kamwua mumewe. Ikiwa hana hatia na wewe unajua, hapo hujamsitiri maiti. Umemzika aliye hai."

Hamdu akaacha kukoroga. Alinawa mikono polepole kwenye ndoo, kidole kimoja kimoja, mikono iliyochunika kwa miaka ya chokaa.

"Wewe ni mwanamke," akasema mwishowe. "Sitakwambia mwili wa mwanamume."

"Basi usiniambie mwili. Niambie mikono yako ilifanya nini."

Akafikiri. Akaketi juu ya jiwe. "Ndia ya kuosha ni moya. Wamwinua kidogo, kama aketiye, kisha wapitisha mkono tumboni, taratibu, kitoke cha kutoka."

"Mkono ulipopita ulikutana na nini?"

"Na tumbo jororo. Liliingia kama la mtu mwenye ndaa."

"Halikuwa gumu? Una hakika? Mikono ya chokaa inahisi?"

"Chokaa imekula ngozi, haikula akili. Mwaka ule nilimwosha aliyeanguka mnazini akavuja damu kwa ndani. Tumbo lile lilikuwa ngoma. Hili halikuwa hivyo."

"Kisha mkono ukashuka."

Hamdu alijipangusa mikono. Kuku wa mtu alipita kati yao, akadonoa ukingo wa shimo, akaenda zake.

"Nalidhani wamenificha saa aliyokufa," akasema kwa sauti ya chini. "Kuanzia kiunoni kwenda yuu alikuwa maiti wa asubuhi ile. Tini ya kitovu alikuwa maiti wa yana. Miguu yote miwili. Zidole zishakuwa nyeusi. Miaka ishirini na sita naosha, sijaona mtu kufa miguu kwanza."

Rumaisa aliandika neno kwa neno. "Na mgongoni?"

"Si nilikwambia utataka mgongo?" Hamdu akainuka. Akaangalia mlango wa msikiti, akaangalia mikono yake. "Alama saba za hijama, za kuumikwa damu kwa vikombe. Zilikuwa za siku mbili hivi, kavu, kila moya imeziba vizuri. Ni mkono wa Taufiq wa Kipungani, yeye ndiye aanzaye begani. Na mtu aliyekuwa akinimiminia mai ni Amjad, kama ilivyo haki ya mwana. Tulipomgeuza babake akaninong'oneza, 'Hilo lisitiri.' Nikalisitiri."

"Utayasema haya mbele ya hakimu?"

"Nitamwuliza Kadhi kwanza. Akinipa ruhusa, nitasema."

Rumaisa akamshukuru. Njiani kwenda gatini alizirudia zile alama kichwani. Zilikuwa saba na zimeziba vizuri, mgongoni mwa mtu ambaye inadaiwa alinyweshwa dawa mpaka damu yake ikawa maji. Maneno ya Amjad na mgongo wa babake yalikuwa hayaelewani.

Boti ya polisi ilimfikisha Kipungani baada ya adhuhuri. Wanawake walikuwa barazani wakisuka ukili, nao walimwonyesha nyumba ya Taufiq bila kusimamisha vidole. Taufiq alikuwa mtu wa miaka arubaini, kucha fupi, cheti cha mafunzo kimetundikwa ukutani karibu na Ayatul Kursi. Hakuficha kitu. Mtu anayejiamini kwamba amefanya kazi yake sawasawa huwa hana sababu ya kuficha.

"Walikuja mara mbili. Ya kwanza ilikuwa siku ya sita ya mwezi huu wa mfungo tano. Mimi simkati mtu kabla ya kumtoboa kidole kwa sindano nikamtazama damu. Yake ilikataa kusimama. Nikauliza, 'Wanywa dawa gani?' Akasema aspirini. Nikamkataa. Nikamwambia mwanawe, siku kumi bila hiyo dawa, muje kumi na saba, ndiyo siku ya sunna."

"Bwana Mohdhar alisemaje?"

"Alicheka. Akasema dawa haiachi, mkewe atamgombeza, na daktari naye kamkanya. Mwanawe alikuwa kimya."

"Mara ya pili?"

"Mwanawe aliapa. Alinivuta kando akaniapia, siku kumi hajatia kinywani hata moya. Nami nikamtoboa kidole, nikaona kweli. Nikamuumika. Damu iliganda mle mle kikombeni, Bi Inspekta, nikaichota kama halua. Bwana Mohdhar mwenyewe alistaajabu. Akasema, 'Leo damu yangu imekuwa na adabu.'" Taufiq akatabasamu, kisha tabasamu likamwisha alipouona uso wa mgeni wake. "Nimekosa wapi?"

"Kanuni yako ni nzuri kwa mtu unayemkata," Rumaisa akasema. "Yeye alikuwa na mshipa tumboni. Ulimwuliza ile dawa aliandikiwa kwa nini?"

Taufiq alikitazama cheti chake ukutani. Hakuwa amemwuliza.

Rumaisa alirejea mjini Amu hitima ikiwa inamalizika. Wanaume walikuwa wakitoka nyumbani kwa marehemu mmoja mmoja, wakishikana mikono, wakiomba rehema. Milango ya nyumba ile Bwana Mohdhar aliichonga mwenyewe, na waliotoka walikuwa wakiipapasa kwa heshima. Koplo Uthman alisimama upande wa pili wa kichochoro kama alivyoagizwa. Amjad alimkaribisha inspekta kwenye baraza ya daka, pale mlangoni. Sinia ikaletwa: kahawa chungu na halua. Rumaisa aliitazama ile halua nyekundu inayong'aa, akairudisha.

Akatoa kichupa mfukoni, akakiweka kwenye jiwe la baraza kati yao. Akafungua, akatia vidonge viwili ndani ya kikombe cha Amjad.

"Hizi ndizo alizokuwa akimpa Ummu kila asubuhi," akasema. "Kwa maneno yako, ndizo zilizomwua baba yako. Kunywa."

Amjad alikitazama kikombe, akakitazama kichupa. Akanywa hadi machicha, kwa hasira, kama mtu aliyechezewa.

"Hizo hazina kitu," akasema.

"Umejuaje?"

Kikombe kikabaki karibu na midomo. Ndani mtu alikuwa akikusanya majuzuu ya Kurani.

"Umejuaje, Bwana Amjad?"

"Kwa sababu nilizitoa mimi!" Sauti yake ikapanda, watu wawili kichochoroni wakageuka. "Nilimtolea sumu, nikamwekea zangu za chai. Tangu siku ya saba ya mwezi hakutia kinywani hata moya, nami ni shahidi. Ndipo nikayua kwamba mwanamke kampa nyingine kwa siri! La sivyo mshipa ungepasukaje? Si mumezipata mkobani mwake?"

Hapo Rumaisa alielewa kwa nini yale machozi ya asubuhi yalikuwa ya kweli. Mtu huyu hakuwa akisingizia. Alikuwa amepiga hesabu yake kwa uaminifu, na imani yake yote kwamba Ummu ni muuaji ilikuwa imejengwa juu ya kitendo chake mwenyewe.

"Mshipa haukupasuka," akasema.

"Daktari alisema..."

"Daktari alisema siku ukipasuka. Haukupasuka. Tumbo lilikuwa jororo, na wewe ulikuwepo mwosha alipopitisha mkono. Wewe ndiye uliyemimina maji. Miguu uliiona?"

Amjad alikigeuza kikombe kitupu.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Ilikuwaje?"

"Nyeusi." Akalamba midomo. "Nalidhani ni mauti tu. Nani ayuaye mauti huanzia wapi?"

"Yalianzia hapo. Ndani ya ule uvimbe mlikuwa na bonge la damu, na kidonge kile kilikuwa kikilizuia lisikue. Ulikiondoa siku kumi. Damu ikarudi nguvu zake, ikaziba njia ya miguu. Taufiq aliichota kikombeni kama halua, na wewe ukasimama pale ukitazama. Usiku ule Ummu alikuita, akakwambia miguu ni baridi."

"Taufiq alituambia mtu huchoka baada ya hijama. Nikadhani ndiko kuchoka." Akakibwaga kikombe juu ya jiwe. "Nilikuwa namponya. Wallahi nilikuwa namponya. Hijama ni sunna. Vile vidonge vilikuwa vikimfanya damu isisimame, niliona kwa mato yangu damu ya kidole haisimami!"

"Ulimwambia baba yako kwamba umevitoa?"

"Angekataa."

"Ndiyo. Angekataa."

Amjad akainama, akashika kichwa chake kwa mikono miwili. Alikaa hivyo mpaka yule mtu wa ndani akamaliza kukusanya majuzuu na kufunga kabati. Aliponena tena, sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Angezinywa, angekuwa hai?"

"Sijui," Rumaisa akasema, maana ndio ukweli. "Hakuna daktari atakayekuapia. Pengine angekufa mwakani kwa jambo jingine. Zake ziko wapi?"

Amjad aliinuka, akaingia ndani, na Koplo Uthman akamfuata hadi kizingitini. Alirudi na leso nyeupe iliyofungwa fundo. Rumaisa alipolifungua, harufu ya siki ikampanda puani.

"Sikuzitupa," Amjad akasema. "Ni mali yake. Nalisema akishapona nitamwonyesha."

"Vaa viatu, Bwana Amjad."

Alivivaa kwa taabu, cha kulia kikiingia mguu wa kushoto. Hakuna aliyemtia pingu. Walipita kichochoroni watatu, na wale waliokuwa wakishikana naye mikono dakika chache zilizopita wakawapisha njia.

Kabla ya magharibi Rumaisa alikuwa ameandika taarifa ya Amjad, ya Taufiq na ya Tevin, na ya Hamdu ameiachia nafasi mpaka Kadhi aseme. Mwendesha mashtaka ndiye angeamua kosa la Amjad liitwe nini. La Ummu halikuwepo tena. Alikwenda mwenyewe kumfungulia, akaketi naye kwenye mkeka, akamweleza kila kitu pasi na kupamba, kwa sababu mwanamke yule alikuwa ameshaambiwa uongo wa kutosha.

Ummu alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ule utamu..."

"Ndiyo."

"Alidhani ni mkono wangu." Akaitazama mikono yake, mmoja baada ya mwingine. "Na ni kweli ulikuwa mkono wangu. Siku kumi. Nikimtilia kinywani na Bismillahi."

"Ulimpa ulichokikuta kichupani, Bi Ummu. Hukujua."

"Najua sikujua." Hakuwa akilia tena. "Na nyumba ile ndiyo nitakayokaa eda?"

"Ndiyo. Amjad hatakuwemo."

Ummu akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa. Shavu lilikuwa limezidi kufura, jicho la upande ule limekuwa dogo. Tevin alikuwa amempelekea vidonge vya jino ndani ya bahasha ya karatasi, na Rumaisa akampa kimoja na bilauri ya maji.

Ummu alikishika baina ya vidole viwili. Kilikuwa kidogo, cheupe, hakina alama. Alikigeuza kwenye mwanga wa mlangoni, akakigeuza tena. Maji aliyaweka chini. Kisha akakigusa kwa ncha ya ulimi, akangoja, macho kayafumba, mpaka uso wote ukakunjamana.

"Ni tungu, si tamu," akasema.

Ndipo akakimeza.